Mizani ya Haki Huanzia Nyumbani

Litajwapo neno fadhila, mawazo ya wengi hurukia watakatifu waliochorwa katika madirisha ya kanisa. Hudhani kwamba fadhila ni mali ya mapadre na masista, na kwamba mtu auzaye dagaa, alimaye pamba au asafiriye ziwani ameachiwa amri za kutovunja tu.

Mafundisho ya Kanisa sivyo yalivyo. Fadhila ni tabia imara ya kutenda mema. Si tendo jema la siku moja. Asemaye kweli mara moja, kwa kuwa siku ile kweli haikumgharimu kitu, hajawa bado mkweli. Mkweli ni yule aliyeizoea kweli hata uwongo ukawa mgumu kinywani mwake. Haba na haba hujaza kibaba. Ndivyo moyo unavyojazwa fadhila, tendo juu ya tendo. Na uovu nao hujazwa vivyo hivyo.

Ziko fadhila tatu za Kimungu, yaani imani, matumaini na mapendo, ambazo Mwenyezi Mungu mwenyewe hututia rohoni. Pamoja nazo ziko nne zilizo kama bawaba ambazo mlango wa maisha hugeukia: busara, haki, nguvu na kiasi. Leo tuzitazame hizi nne katika mambo mawili ambayo watu wa Mwanza na wa pande zote za Ziwa wanayajua sana: mizani na chombo.

Tuanze na mizani. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walilalamika kwamba wanapunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Hawakuishia kunung'unika. Walijiunga katika vyama, wakaweka wapimaji wao wenyewe wa kuhakikisha uzito, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa chama kikuu cha ushirika cha Jimbo la Ziwa, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Hiyo ilikuwa kazi ya haki, tena yenye kustahili sifa. Lakini mwaka 1966 ilibidi Rais Nyerere aunde kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini. Wakulima walikuwa wakilalamika tena, na safari hii waliolalamikiwa walikuwa watu wao wenyewe.

Somo lake ni hili: mizani yaweza kubadili mikono, walakini mkono uliozoea kupunja utapunja kwa mizani yoyote. Sheria na chama ni vitu vya lazima, lakini haviwezi kushika mahali pa fadhila.

Leo tukitembea katika mialo yetu, au tukifika soko la Mwaloni pale Kirumba, twaweza kuona jambo lile lile kwa sura nyingine. Muuzaji huyu huacha mchanga katika dagaa ili uzito uongezeke. Mnunuzi yule hudai lumbesa kwa bei ya gunia la kawaida. Kila mmoja humwita mwenzake mwizi, na kila mmoja husema ukweli.

Mtu atauliza: "Padre, nikipima sawasawa na jirani yangu hapimi sawasawa, wanangu watakula nini?" Swali hili ni zito, wala hatulidharau. Hatumwahidi mwenye haki kwamba atatajirika. Huenda siku ya kwanza akapata hasara. Lakini akumbuke kwamba kilichopunguzwa katika kipimo chake kimeondolewa katika chungu cha mama mwingine, mwenye watoto vilevile. Tena mmoja peke yake huchoka upesi. Basi wauzaji wa mwalo mmoja na wapatane kipimo kimoja, kama wakulima wa pamba walivyopatana. Nao wanunuao kwa malori wajue kwamba deni lao mbele ya Mungu ni kubwa zaidi, kwa sababu aghalabu wao ndio wapangao bei.

Sasa chombo. Alhamisi tarehe 20 Septemba 2018, kivuko MV Nyerere kilitoka Bugolora, Ukerewe, siku ya soko, kuelekea Ukara. Kilikuwa na ruhusa ya kuchukua watu 101. Kilipinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, na watu 228 walikufa. Na kabla yake, tarehe 21 Mei 1996, meli MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza, ikachukua roho za mamia ya watu. Ziko familia ambazo hata leo huwataja marehemu hao katika sala ya jioni.

Hatuandiki haya ili kuwahukumu marehemu. Tunauliza tu jambo moja: chombo kinapojaa, ni nani mwenye kusema, "Basi, inatosha"? Busara huona hatari. Kiasi huzuia tamaa ya nauli moja zaidi. Haki hukumbuka kwamba roho ya abiria haiuzwi pamoja na tiketi. Na nguvu ndiyo humwezesha mtu kusema "hapana" mbele ya watu wenye haraka, wanaomcheka na kumsukuma. Lakini nguvu hiyo haiokotwi gatini. Asiyejizoeza kusema "hapana" katika mambo madogo hataiweza siku ya jambo kubwa.

Ndiyo maana shule ya fadhila ni nyumba yetu. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto aliyetumwa dukani na arudishe chenji yote, nasi tuihesabu mbele yake bila kumtukana. Amwone mama akipima dagaa kwa kipimo kile kile, awe anamuuzia rafiki au mgeni. Amsikie baba akisema ufukweni, "Mtumbwi huu umejaa, mwanangu; tutangoja mwingine," hata kama soko litawapita. Mtoto huyo atakapokuwa karani, nahodha au mpimaji, hatahitaji kuanza kujifunza siku hiyo.

Walakini tusijidanganye kwamba twaweza haya kwa nguvu zetu tu. Neema ya Mungu huanza kazi na kuikamilisha; nayo twaipata katika sala, katika Kitubio na katika Komunyo Takatifu.

Azimio letu la juma hili liwe moja, tena dogo. Kila jioni, baada ya sala, baba na mama wajiulize: leo nimempunja nani? Leo nilinyamaza wapi, palipotakiwa neno langu? Na ikiwa liko la kurudishwa, lirudishwe kesho asubuhi, kabla soko halijafunguliwa.