Sugu za Vidoleni: Tibu Mguu, Rekebisha na Kiatu

Sugu ni nini?
Ngozi inayobanwa au kusuguliwa mahali pamoja kila siku hujikinga kwa kuwa nene. Unene huo ukikusanyika mahali padogo hufanya kiini kigumu chenye ncha inayoelekea ndani. Kiatu kikibana, ncha hiyo hudidimiza nyama ya chini, ndipo maumivu huja.

Sugu ngumu hutokea juu ya vidole, ubavuni mwa kidole cha mwisho na chini ya wayo. Sugu laini, nyeupe kwa kuloweshwa na jasho, hukaa kati ya vidole, hasa cha nne na cha tano. Sugu haina mizizi, wala haiambukizi. Hurudi kwa sababu kiatu ni kilekile.

Hakikisha kwanza
- Sugu huuma ikibonyezwa kwa juu.
- Chunjua huuma zaidi kwa kubanwa pande mbili. Mara nyingi huwa na vidoa vyeusi, na huambukiza.
- Funza huwasha, na huonekana kama uvimbe mdogo wenye kidoa cheusi katikati.

Kujitibu nyumbani
1. Loweka mguu katika maji ya uvuguvugu kwa dakika 10.
2. Sugua taratibu kwa jiwe la kusugulia miguu. Ondoa tabaka jembamba tu. Ukisikia maumivu, acha.
3. Kausha vizuri, kisha paka mafuta ya mgando. Usipake kati ya vidole.
4. Zungushia sugu kipande cha sponji chenye tundu katikati ili isiguswe na kiatu. Kwa sugu laini, weka pamba safi kati ya vidole na uibadilishe kila siku.
5. Endelea hivyo kwa wiki kadhaa. Jiwe lako usiazimane na mtu.

Usikate sugu kwa wembe: jeraha dogo laweza kuingiza vijidudu, hata vya pepopunda. Usitie maji ya betri. Plasta za asidi ya salisiliki zinazouzwa maduka ya dawa hulainisha sugu, lakini huunguza pia ngozi nzima iliyo kando. Fuata maelezo ya mfamasia.

Chagua kiatu
- Simama juu ya karatasi, uchorewe mguu kwa penseli. Weka kiatu juu ya mchoro: mstari ukitokeza nje, kiatu hicho kitakubana.
- Nunua viatu alasiri, miguu ikiwa imevimba kidogo. Jaribu vyote viwili ukiwa umesimama. Mbele ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba.
- Mtumba umeshafuata umbo la mguu wa mwenyewe wa kwanza. Pitisha mkono ndani, utafute mikunjo na mishono iliyotokeza.
- Visigino virefu husukuma vidole mbele. Visivaliwe kutwa nzima.
- Mguu wa mtoto hukua haraka. Pima viatu vyake kila muhula unapoanza.

Nani asijitibu?
Mwenye kisukari, ukoma, ganzi miguuni au damu isiyofika vizuri miguuni asisugue, asiloweke wala asitumie asidi. Anaweza kujeruhiwa asihisi, na kidonda kikachelewa kupona. Atazame nyayo zake kila siku, au atazamiwe na mtu wa nyumbani.

Mtu yeyote akiona usaha, kidonda, wekundu unaoenea, ngozi inayogeuka nyeusi, au akipata homa, aende kituo cha afya siku hiyohiyo.