Aliyekuwepo Msichana Akikeketwa: Dhima Yake Mbele ya Sheria

Katika sheria ya jinai ya Kenya, mkosaji si yule tu ambaye mkono wake umetenda. Kifungu cha 20 cha Kanuni za Adhabu, Sura ya 63, kinawaweka katika daraja la wakosaji wakuu aliyetenda, aliyesaidia, aliyechochea na aliyeshauri, na kila mmoja wao aweza kushtakiwa kana kwamba ndiye aliyetenda. Fikra hii ina umri: hadi mwaka 1930 nchi ilitumia Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, ambayo kifungu chake cha 114 kilimhesabu mchochezi aliyekuwapo mahali pa kosa kuwa amelitenda yeye. Hata hivyo, kuwapo peke yake hakumtii mtu hatiani. Mpita njia anayekuta watu wakipigana, akasimama kutazama, hana kosa mpaka upande wa mashtaka uthibitishe kwamba alisaidia, alitia moyo, au alikuwa na nia ya pamoja na wapiganaji.

Kinga hiyo ndiyo inayowaponza wengi Meru na Embu panapohusika ukeketaji wa wasichana, kwani Sheria ya Kupiga Marufuku Ukeketaji ya mwaka 2011 imeibana mno. Tendo lenyewe ni la watu wengi: yuko anayemkamata msichana mabega, anayembana miguu, anayekaa langoni kuangalia kama chifu anakuja, na mwenye bodaboda aliyemleta ngariba usiku huku akijua kinachokwenda kufanyika. Hawa wote wanaangukia kifungu cha 20 cha sheria hiyo, kinachohusu kusaidia na kuchochea. Aliyetoa nyumba yake kwa kujua anashikwa na kifungu cha 22. Shangazi aliyeketi pembeni, asiguse kitu wala kusema neno, naye hajaokoka, kwa kuwa kifungu cha 24 kinamtia hatiani mtu anayejua kwamba ukeketaji umefanyika, unafanyika au umepangwa, kisha asitoe taarifa. Adhabu ya makosa haya ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili, na maneno “isiyopungua” yana uzito wake, maana hakimu, hata akimhurumia bibi kizee aliye kizimbani, hawezi kushuka chini ya hapo. Msichana akifariki, aliyemkeketa aweza kufungwa maisha.

Utetezi unaosikika sana ni kwamba msichana alitaka mwenyewe, na Meru ina historia nao. Mwaka 1956 baraza la wazee la Njuri Ncheke lilipoharamisha desturi hiyo, wasichana walikeketana wao kwa wao kwa nyembe, wakajulikana kwa jina la Ngaitana, yaani “nitajitahiri mwenyewe”, na katika miaka mitatu iliyofuata wasichana, wanawake na wanaume zaidi ya 2,400 walishtakiwa kwa kukaidi amri hiyo. Sheria ya leo, kwa busara zaidi, inamwandama anayemkeketa mwingine pamoja na waliomzunguka, na inatamka wazi kwamba ridhaa ya aliyekeketwa si utetezi. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ilikataa ombi la kutaka sheria hiyo ibatilishwe, ingawa mlalamishi, ambaye ni daktari, alidai kuwa mwanamke mtu mzima ana haki ya kujiamulia.

Kwa hiyo mwenye kupata habari mapema anapaswa kuarifu polisi, au kupiga simu ya watoto nambari 116, isiyotozwa malipo. Naye aliyekamatwa, awe ngariba au jirani, analindwa na kifungu cha 49 cha Katiba: ana haki ya kunyamaza, ya kuwasiliana na wakili, na ya kufikishwa mahakamani kabla ya saa 24 kupita, isipokuwa muda huo ukiishia siku isiyo ya kazi, ambapo atafikishwa siku ya kazi inayofuata. Jirani huyo, akishtakiwa kwa kutotoa taarifa, asikubali kosa kwa sababu tu nyumba yake inapakana na palipofanyika ukeketaji, kwani ni juu ya upande wa mashtaka kuthibitisha kwamba alijua.