Ndoano, Rafu na Pipa: Choo cha Umma Kinachomfaa Mwenye Stoma

Wengi wetu hatujawahi kulisikia neno stoma, ingawa yumkini tumeketi kiti kimoja na mwenye nayo ndani ya basi tusijue. Stoma ni tundu ambalo daktari mpasuaji hulifungua kwenye ukuta wa tumbo, akaitoa nje ncha ya utumbo na kuishona kwenye ngozi, ili kinyesi kipitie hapo badala ya njia yake ya kawaida. Ikiwa ni ya utumbo mpana huitwa kolostomi, na ikiwa ni ya utumbo mwembamba huitwa ileostomi. Ipo pia urostomi, ambayo hupitisha mkojo. Kwa kuwa tundu hilo halina misuli ya kubana, mwenye nalo hawezi kuzuia haja wala kuchagua saa yake. Kwa sababu hiyo huvaa mfuko uliobandikwa tumboni, chini ya nguo.

Hali hii huweza kumfika mtu yeyote. Wapo waliopasuliwa kwa saratani ya utumbo mpana, kwa utumbo uliojisokota, kwa homa ya matumbo iliyotoboa utumbo, au kwa jeraha la ajali ya barabarani. Baadhi huishi na stoma kwa miezi michache hadi utumbo uunganishwe tena, na wengine huishi nayo maisha yao yote. Wapo pia watoto wachanga. Takriban mtoto mmoja kati ya 5,000 duniani huzaliwa njia ya haja kubwa ikiwa imeziba au haikukamilika, na mara nyingi hatua ya kwanza ya tiba ni kumfanyia kolostomi. Mama wa mtoto huyo husafiri naye kwenda kliniki na kurudi, naye pia huhitaji mahali pa kumsafishia mwanawe njiani.

Mwenye stoma hakitumii choo kama wengine wakitumiavyo. Mfuko ukifika theluthi moja au nusu hulazimika kuumwaga, maana ukijaa huwa mzito, gundi huachia ngozi na uchafu huvuja. Mwenye ileostomi huumwaga mara nne hadi sita kwa siku, pengine zaidi, kwa kuwa kinachotoka katika utumbo mwembamba ni majimaji, tena huiunguza ngozi kikiigusa. Ili aumwage, sharti apandishe shati au afungue kanga, aizuie nguo kwa kidevu au kwa kiwiko, afungue kibanio kilicho chini ya mfuko, amwage, asafishe mdomo wa mfuko, kisha aufunge. Siku ya kuubadilisha kazi huongezeka: kuubandua, kuosha ngozi, kuikausha kabisa kwa sababu gundi haishiki penye unyevu, ndipo abandike mpya. Yote hayo yanataka mikono miwili. Sasa tuvitazame vyoo vingi vya stendi na masoko. Sakafu imelowa, hakuna pa kuweka kitu, bomba liko karibu na sakafu, taa haiwaki, na komeo limeng'oka. Mkono mmoja unashikilia mlango, wa pili umebeba mkoba. Mfuko utashikwa na nani?

Tunapozungumzia vyoo kwa watu wenye ulemavu, fikra zetu huenda moja kwa moja kwenye njia ya mteremko na mlango mpana. Mambo hayo ni ya lazima, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Hata hivyo, mwenye stoma aweza kupanda ngazi bila shida akaukuta mlango wazi, kisha akakwama ndani ya chumba kwa kukosa msumari wa kutundikia mkoba. Mahitaji yake mengi ni ya kazi ya fundi mmoja kwa siku moja, nayo hayahitaji kubomoa ukuta.

La kwanza ni komeo linalofunga. La pili ni ndoano nyuma ya mlango, na ingefaa ziwe mbili, moja ya nguo na moja ya mkoba, pamoja na nyingine ya chini kwa atumiaye kiti cha magurudumu. La tatu ni rafu pana kidogo, usawa wa kiuno, inayofutika kwa urahisi, ambapo mtu atapanga mfuko mpya, kitambaa na maji kabla hajaanza. Rafu iliyo imara na pana zaidi humfaa pia mama mwenye mtoto. Kioo nacho kina kazi yake hapa. Mwenye stoma huhitaji kuliona tundu ili abandike mfuko mahali pake, na wengi hawalioni vizuri kwa kuinama tu. Basi kioo kitundikwe ndani ya chumba, kwa urefu unaomwezesha mtu kuona tumbo lake akiwa amesimama.

Kuhusu maji, bomba la kujazia ndoo sakafuni halitoshi. Bomba lingine la usawa wa kiuno, au walau ndoo yenye koki juu ya stuli, humwezesha mtu kujiosha bila kuinama. Tena choo cha kuchuchumaa kina taabu ya pekee: amwagaye akiwa amesimama hurushiwa uchafu miguuni, na aliyepasuliwa karibuni hawezi kuchuchumaa kwa muda mrefu. Penye matundu kadhaa, angalau kimoja kiwe choo cha kukaa.

Pipa la taka lenye mfuniko linastahili maelezo zaidi, kwa kuwa ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Katika vyoo vya wanawake pengine huwekwa kwa ajili ya taulo za kike, lakini katika vyoo vya wanaume halionekani kabisa, kana kwamba mwanamume hana cha kutupa. Matokeo yake, mfuko uliotumika hutupwa shimoni. Plastiki haiozi, hujaza shimo kabla ya wakati na huziba mpira wa gari la kunyonya majitaka, gharama ambayo hulipwa na sisi sote. Utaratibu ulio sahihi ni kumwaga kinyesi chooni, kuufunga mfuko mtupu ndani ya kifungashio kingine, na kuutia pipani. Wala asihofu mtu kwamba mfuko wa stoma umepigwa marufuku: katazo lililoanza Juni 1, 2019 lilihusu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, si vifaa vya tiba.

Nchi nyingine zimekwenda mbali katika jambo hili. Nchini Japani, vituo vingi vya treni vina vyoo vyenye sinki maalumu la kumwagia mfuko, lililowekwa usawa wa kiuno pamoja na bomba la kuoshea, na mlangoni huchorwa alama ya mtu mwenye msalaba tumboni. Nchini Uingereza, shirika la Colostomy UK limeendesha kampeni ya kuomba ndoano, rafu, kioo na pipa katika vyoo vya walemavu, na milango mingi hubandikwa tangazo lisemalo kuwa si kila ulemavu huonekana.

Tangazo la namna hiyo lingetufaa hapa, kwa maana mhudumu wa mlangoni huweza kumzuia mtu kwa neno moja. Kijana mwenye afya njema usoni akiomba ufunguo wa choo cha watu wenye ulemavu, huulizwa ana nini. Akikaa ndani, hugongewa. Akirudi mara ya tatu mchana huo, hulipa tena. Wako wanaoepuka fedheha hiyo kwa kutokula na kutokunywa maji siku ya safari. Kwa mwenye ileostomi hilo ni hatari kubwa, kwani hupoteza maji na chumvi nyingi kuliko wengine, na upungufu huo huweza kudhuru figo.

Vyoo vingi vya masoko na stendi huendeshwa na wazabuni kwa mkataba. Hapo ndipo pa kuanzia: ndoano, rafu, pipa na komeo viandikwe ndani ya masharti ya mkataba, pamoja na agizo kwamba aombaye choo asihojiwe ugonjwa wake na aliyelipa asubuhi asitozwe tena siku hiyo. Wananchi wanaweza kulitoa pendekezo hili katika mkutano mkuu wa kijiji au wa mtaa, likaandikwa katika muhtasari na kupelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla bajeti haijapangwa. Mwenye stoma hana haja ya kusimama mbele ya watu akajieleza. Ndugu au jirani yake aweza kulisema bila kumtaja. Na aonaye haya hata kwa hilo, amwendee Afisa Afya wa Kata ofisini, amtajie choo kipi na kinakosa nini.