Karani wa Mji wa Efeso na Mkutano wa Mtaa

Somo: Matendo ya Mitume 19:21–41

Ndugu wapenzi, nanyi wainjilisti na walimu wa Kipaimara, someni kwanza habari hii yote katika Biblia zenu, ikiwezekana kwa sauti mbele ya darasa, ndipo mrudi katika maneno yangu. Ghasia za Efeso twazijua tangu utoto. Lakini yuko mtu mmoja katika habari ile ambaye twampita haraka, kwa sababu si mtume, wala si Mkristo, wala jina lake halikuandikwa. Naye ni karani wa mji. Mwezi huu nataka tukae naye kidogo.

Demetrio mfua fedha aliishi kwa kutengeneza vihekalu vya Artemi. Alipoona kuwa mahubiri ya Paulo yanaharibu biashara yake, aliwakusanya mafundi wenzake, akaanza na habari za faida, akamalizia na heshima ya mungu wao wa kike. Angalieni utaratibu huo, maana upo hata leo: mtu huumia mfukoni, kisha husema ameumia katika dini. Mji wote ukajaa fujo. Wakawakamata Gayo na Aristarko, wakakimbilia mahali pa michezo. Magofu ya mahali pale yangaliko katika nchi ya Uturuki, na wachunguzi hukadiria kuwa paliweza kuketi watu kama 24,000. Wakapiga kelele muda wa saa mbili. Tena Luka asema, na nadhani alitabasamu alipoandika, ya kuwa wengi wao hawakujua hata sababu ya kukusanyika kwao.

Ndipo karani akasimama. Hakuwa rafiki wa Injili, kwa kuwa alimsifu Artemi mbele ya watu wote. Walakini aliwaambia ukweli. Wale waliokamatwa hawakuiba kitu hekaluni wala hawakumtukana mungu wao. Kama Demetrio na mafundi wana neno juu ya mtu, baraza za hukumu ziko na maliwali wako. Kama wana jambo jingine, litatengenezwa katika kusanyiko lililo halali. Tena mji wenyewe waweza kushtakiwa kwa ajili ya fujo ya siku ile. Akiisha kusema hayo akawaaga, nao wakaenda zao. Paulo alikuwa ametaka kuingia mwenyewe katika kundi lile, wanafunzi wakamzuia. Siku ile Mungu aliliokoa kanisa la Efeso kwa kinywa cha mwandishi wa ofisini, aliyejua sheria na taratibu za mji wake. Hakutumia muujiza wala hotuba ya mtume.

Hapa walimu na waangalie neno moja. Katika Kiyunani, Luka alitumia neno ekklesia kwa lile kundi la kelele, akatumia neno hilo hilo kwa kusanyiko lililo halali la raia wa mji. Nalo ndilo neno ambalo Agano Jipya hulitumia kwa kanisa. Kabla ya kuwa jina letu, lilikuwa jina la mkutano wa watu wa mji walioitwa kushauriana mambo ya mji wao. Katika KKKT twaona jambo la namna hiyo katika Kiswahili chetu: usharika umegawanyika katika mitaa, na mji nao umegawanyika katika mitaa. Mtu aweza kuwa mzee katika mtaa wa kwanza, na katika mtaa wa pili asijulikane hata sura.

Kwetu Lipangalala ni kata mojawapo ya Halmashauri ya Mji wa Ifakara. Kata ina diwani aliyechaguliwa na watu, naye ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Afisa mtendaji wa kata ndiye katibu wake. Chini ya kata iko mitaa, kila mmoja na mwenyekiti wake na kamati yake, waliochaguliwa kwa miaka mitano. Uchaguzi wa mwisho ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Juu liko Baraza la Madiwani, na katibu wake ni Mkurugenzi wa Mji. Lakini mlango wa chini kabisa ni mkutano wa mtaa, ambao wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi wana haki ya kuketi humo. Mwenyekiti hupendekezwa na chama cha siasa, kwa kuwa ndivyo sheria ilivyo, bali mkutano wenyewe si wa chama. Mwislamu, Mkatoliki, Mlutheri, mwenye kadi na asiye na kadi, wote huketi benchi moja.

Na mambo yanayozungumzwa humo ni yapi? Ni mambo madogo, na kwa sababu hiyo watu huyadharau. Mfereji umeziba, nani atauzibua na siku gani. Taka za sokoni zitupwe wapi. Njia ya kwenda shule imeingiliwa na ua wa mtu. Nani hasa ni mkazi, astahili barua ya utambulisho anapotaka mkopo au dhamana. Katika mji wetu mambo hayo madogo huwa makubwa mara moja mvua za masika zikianza, maana bonde la Kilombero ni bonde la maji, na mto Lumemo umo karibu nasi. Maji yale yale yaletayo mpunga huingia na vyumbani. Mfereji ambao haukusemwa mkutanoni mwezi wa Januari huonekana mwezi wa Aprili, nao huonekana kwanza katika nyumba ya mjane, ambaye kiwanja chake ki chini kuliko vyote.

Yanipasa kuungama. Katika mtaa mmoja niliokaa zamani, ambao sitautaja, mfereji mpya ulichimbwa, na maji yake yakaelekezwa upande wa nyumba yetu ya ibada. Nilikasirika. Nikaenda kwa mzee mmoja wa kamati ya mtaa, nikamwamkia, nikaanza kumweleza jinsi tulivyoonewa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Baba Mchungaji, jambo hili tulilizungumza katika mikutano miwili. Tangazo lilibandikwa pale mtini, nawe hupita pale kila siku. Wenzako wa msikitini walikuja, wakasema neno lao, likaandikwa. Ninyi tuliwangoja.” Nikamwambia siku ile tulikuwa na mazoezi ya kwaya. Akajibu kwa upole, “Maji hayakujua, Baba.” Nikarudi nyumbani nikiwa sina neno. Sikuonewa na mtu. Nilikuwa kama wale wa Efeso, nimekuja na kelele baada ya kusanyiko lililo halali kwisha. Ilitubidi kungoja mkutano mwingine, tukaomba kwa utaratibu, na mfereji ukageuzwa hatua chache. Kazi ya kuchimba tuliifanya pamoja, hata vijana wa msikitini walikuja na majembe.

Wako wasemao kwamba mikutano hii haina faida, ya kuwa mambo yote huamuliwa juu. Wazee wetu wameona nchi isiyo na mabaraza ya namna hii. Zamani za Wadachi walikuwako maakida na majumbe, waliowekwa kutoka juu. Waingereza wakatawala kwa njia ya watemi na machifu, ambao vyeo vyao viliondolewa na sheria ya mwaka 1963. Kisha mwaka 1972 serikali za mitaa zilivunjwa, na kazi zao zikapewa maofisa wa serikali kuu mikoani na wilayani. Nia ilikuwa kuleta maendeleo kwa haraka. Lakini mijini mifereji iliziba, taka zikalundikana, na kipindupindu kikazuka katika miaka ile. Mwaka 1978 sheria ilitungwa ili mabaraza ya miji yarudi, na mwaka 1982 zikatungwa sheria mbili tunazozitumia mpaka leo pamoja na marekebisho yake, Na. 7 kwa wilaya na Na. 8 kwa miji. Basi, afisa aliye mbali aweza kuwa mwema sana, asijue mfereji wa nani umeziba.

Tuje katika fedha, ambapo Wakristo wengi hunyamaza kwa kuogopa kuitwa wachochezi. Kodi ya kichwa iliyowasumbua baba zetu hata wakalala porini iliondolewa mwaka 2003. Yaliyobaki ni ushuru na ada za namna nyingine, na kwetu wakulima kubwa ni ushuru wa mazao. Mwaka 2017 Bunge liliupunguza kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Tena mkulima asafirishaye mzigo usiozidi tani 1 kutoka halmashauri moja kwenda nyingine alisamehewa. Wangapi walilijua jambo hilo walipokuwa wamesimama kizuizini na magunia yao ya mpunga? Asiyejua hutoa fedha pasipo risiti, na fedha isiyo na risiti haifiki kwenye hazina ya mji. Haichimbi mfereji wala hainunui dawa.

Na michango ya mtaa ni vivyo hivyo. Mtaa wa mjini si mamlaka kama kijiji kilicho na halmashauri yake kwa sheria; hauwezi kujitungia kodi. Wakazi wakikubaliana kuchanga, ni haki yao kusomewa ni kiasi gani kilipatikana na kimetumikaje. Kuomba hesabu isomwe si kumwita mtu mwizi. Mtume Paulo alipochukua michango ya watakatifu alitaka wenzake wafuatane naye, ili mtu asipate neno la kulaumu (2 Wakorintho 8:20–21). Kama Paulo hakuona aibu kukaguliwa, mweka hazina wetu ataona aibu gani? Nasi tulio kanisani tuanze kwetu. Usharika usiosoma hesabu zake mbele ya washarika hauna kinywa cha kuuliza mtaani.

Mzee mmoja mpendwa aliniambia kwamba mambo haya ni ya dunia, sisi tuombe tu. Naam, tuombe. Lakini tuombeje? Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Dk. Martin Luther alipoeleza ombi la mkate wa kila siku hakutaja chakula peke yake. Aliwataja pia watawala waaminifu, serikali njema na majirani wema. Kila asubuhi tunapoomba mkate twaomba na mwenyekiti wa mtaa. Naye mwenyekiti, atakuwaje mwema akiwa peke yake na viti vitupu? Tena sisemi kwamba mimbari iwe mahali pa kampeni. Mchungaji amtajaye mgombea madhabahuni amewarudisha watu katika kelele za Demetrio. Nasema tu ya kwamba Mkristo ni mkazi, na mkazi ana kiti.

Walimu watakaofundisha somo hili wawaulize watu maswali haya, wasikubali jibu la haraka. Kwa nini Luka, aliyeandika matendo ya mitume, aliona vema kuandika hotuba ya karani asiyeamini? Demetrio alikuwa na njia gani halali, na kwa nini hakuitaka? Ni nani katika mtaa wenu ambaye maji humfikia kwanza, na ni nani asemaye kwa ajili yake? Mara ya mwisho uliposomewa hesabu ya mchango ilikuwa lini? Na mkutano ujao wa mtaa ni siku gani. Je, siku hiyo usharika wenu umepanga jambo jingine?