Marejea pembeni mwa alizeti na mbaazi

Wakulima wa Getanuwas, mnapopima eneo la alizeti na mbaazi msimu huu, tengeni ukanda mwembamba pembeni mwa shamba mpande marejea. Mmea huu wenye maua ya njano ni wa asili ya Afrika, na wengi wanaujua kama mbolea ya kijani tu. Padre Gerold Rupper, Mbenediktini wa Peramiho, aliuhimiza sana nchini miaka ya 1980 kwa ajili ya kurutubisha udongo na kuzuia magugu. Mimi nauombea nafasi kwa sababu ya nyuki.

Hanang imepoteza maua mengi ya porini tangu mashamba makubwa ya ngano yafunguliwe nyanda za Basotu. Ngano hujichavusha yenyewe wala haina nekta ya kumlisha nyuki. Alizeti inamhitaji. Kichwa kisichotembelewa na nyuki hubaki na mapepe mengi, na mwenye shamba huishia kulaumu mbegu au mvua. Nyuki wakikosa chakula jirani kabla alizeti haijachanua, watakuwa wachache siku unapowahitaji.

Ua la marejea huficha chavua ndani ya petali zilizofumbana, kwa hiyo linataka mdudu mwenye nguvu wa kulifungua: wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, na wale wanaokata vipande vya majani. Haohao hutembelea ua la mbaazi. Basi msichome kila gogo kavu mpakani. Humo ndimo wanamozalia.

Usipande kwa manyunyu ya kwanza. Subiri udongo ulowe kiasi cha shubiri moja. Mbegu ni ndogo, ifukie sentimita mbili hivi, mistari ikiachana nusu mita. Mche huanza polepole, kwa hiyo palizi ya mwezi wa kwanza haina mbadala. Mzizi ukishazama, marejea huvumilia ukame na kubaki na kijani mahindi yakiwa yameshaanza kukauka.

Hapa pana jambo gumu. Anayetaka mbolea hukata mmea maua yanapoanza, wakati majani bado laini. Anayetaka nyuki huuacha. Ushauri wangu ni kugawanya: kata nusu uifukie, nusu nyingine iache ichanue hadi mwisho. Kukata yote kwa pamoja ni kuwafukuza nyuki wiki ileile mbaazi zinapowangoja.

Wafugaji wawe na tahadhari. Wapo jamaa wa marejea wa porini wenye sumu inayoharibu ini la mifugo, kwa hiyo msichume mbegu vichakani mkidhani ni ileile. Chukueni mbegu kwa mtu anayeijua, au muulizeni afisa ugani. Ikibidi kupiga dawa ya wadudu kwenye alizeti, pigeni jioni nyuki wakisharudi, na isiguse ukanda wa marejea.

Maganda yakikauka na kulia yakitikiswa, vuneni kabla hayajapasuka. Kisha mgawieni mbegu jirani mnayepakana naye, maana ukanda mmoja katikati ya eneo kubwa la ngano hauwatoshi nyuki.