KIRUSI NA GANDA LAKE: MKONO ULIOPAKWA SPIRITI BADO HAUJANAWA



Mwaka 2020, ugonjwa wa corona ulipoingia nchini, ndoo zenye koki na chupa za vitakasa mikono ziliwekwa kwenye milango ya misikiti, madrasa na maduka. Ndoo nyingi zimeshaondoka, lakini wapo waliobakiwa na mazoea ya kupaka spiriti viganjani na kuhesabu kwamba wamenawa. Kwa corona hawakukosea. Kwa mama aliyetoka kumsafisha mtoto anayeharisha, hilo ni kosa, na sababu yake imo katika umbo la kirusi chenyewe.

Kirusi hakili wala hakipumui. Ndani yake mna uzi mwembamba wa vinasaba, yaani maagizo ya kutengeneza virusi wengine. Uzi huo ukiachwa wazi hukatwa upesi, kwani hata mate na machozi yetu yana vikatio vyake. Ndiyo maana umefungwa kwa protini. Uzi pamoja na kifungio chake wataalamu huuita nukleokapsidi. Kazi yake ni kuulinda uzi safarini, kuukunja ukae mahali padogo, kisha kuufikisha ndani ya chembe hai za mwili unakonakiliwa.

Katika corona, protini hizo hukaa juu ya uzi kama shanga. Kile kipimo cha haraka cha kuingiza kijiti puani huzitafuta shanga hizohizo. Juu yake kuna utando wa mafuta ambao kirusi amejitwalia kwenye chembe za mgonjwa. Sabuni huuvunja utando huo kama inavyovunja mafuta ya sufuria, na spiriti huuharibu pia. Utando ukishavunjika, kirusi hana tena njia ya kuingia mwilini. Virusi vya surua na vya UKIMWI navyo vina utando wa namna hiyo.

Sasa tazama kundi la pili, ambalo halina utando kabisa: polio, homa ya ini aina ya A, na rota anayeharisha watoto wachanga. Ganda la polio limeungwa kwa protini za aina 4, kila aina vipande 60, mfano wa mpira wa miguu ulioshonwa. Tindikali ya tumbo hailiwezi. Rota ana maganda matatu. Akiingia kwenye chembe ya utumbo hulivua la nje tu. Mawili yaliyobaki huwa karakana iliyofungwa, ndani mkiwa na vipande 11 vya vinasaba, na nakala hutolewa kupitia vitundu vidogo. Vinasaba vyenyewe havitoki nje, walinzi wa mwili wasije wakaviona. Subhanallah, hata adui mdogo kiasi hicho ameumbwa kwa mpango!

Kwa kundi hili sabuni haina mafuta ya kuvunja, na spiriti haitegemeki, hasa kwa polio na homa ya ini. Kinachotakiwa ni kumng'oa kirusi mkononi: sabuni hulainisha, kusugua humwachanisha na ngozi, na maji yanayotiririka humchukua.

Hapo ndipo penye mtihani kwetu. Same mjini, Makanya na Hedaru zipo upande ambao milima ya Upare huukinga mvua. Mradi wa maji ya Nyumba ya Mungu ulizinduliwa Machi 2025, lakini mahali bomba halijafika dumu bado linapimwa kwa kikombe. Basi tengeneza kibuyu chirizi: dumu dogo lililotobolewa, kamba, na kijiti cha kukanyaga kwa mguu. Hutumia maji kidogo, na mkono mchafu hauligusi. Birika la chooni linahitaji tahadhari zaidi, kwani mpini wake hushikwa na kila mkono kabla haujaoshwa. Lioshe kwa sabuni kila siku, na nawa kwa sabuni utokapo chooni hata kama unakwenda moja kwa moja kutia udhu.

Mtoto akiharisha, dawa za kuua bakteria hazimgusi rota, usizinunue kwa kubahatisha. Mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti (ORS), zinki kwa siku 10 hadi 14 kama mhudumu wa afya atakavyoelekeza, na asikatizwe kunyonya. Macho yakiingia ndani, akilegea, akishindwa kunyonya au kukiwa na damu kwenye choo, mpeleke kituoni saa hiyohiyo. Chanjo ya rota imekuwa ikitolewa nchini tangu 2013, na huanza mtoto akiwa na wiki 6. Itazame kadi yake kama amepata. Rota huendelea kutoka katika choo cha mtoto siku kadhaa baada ya kuharisha kukoma, kwa hiyo kunawa kusikomee siku aliyopata nafuu.