Karatasi na Plastiki: Mfuko Upi Unaodhuru Zaidi?

Mkazi wa mtaa wa Elgon View, Eldoret, anunuapo unga hupokea pakiti ya karatasi. Anunuapo mkate, huupata umefungwa kwa plastiki. Aghalabu huamini kwamba kifungashio cha kwanza hakina dhara na cha pili ndicho adui wa mazingira. Makala haya yanaihoji imani hiyo. Lugha nayo imechangia utata, kwani Wakenya wengi wamezoea kuuita mfuko wa plastiki "karatasi", ingawa neno juala lipo, kana kwamba vitu hivi viwili ni ndugu wa tumbo moja.

Dhara la plastiki huonekana baada ya matumizi. Mfuko uliotupwa hauozi. Huchanika vipande vidogo vidogo, huziba mitaro na huliwa na mifugo. Uliotupwa karibu na Mto Sosiani husombwa na mvua kuelekea Mto Kipkaren, kisha Nzoia, na hatimaye Ziwa Viktoria. Tarehe 28 Agosti 2017 serikali ilianza kutekeleza marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, kwa adhabu ya faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4. Vifungashio vinavyotiwa bidhaa kiwandani, kikiwamo cha mkate, havikuguswa.

Dhara la karatasi hutangulia matumizi, nalo halionekani jikoni. Anayetaka kulifahamu na aifuate barabara iendayo Uganda hadi Webuye, kilikokuwa kiwanda cha Panpaper kabla ya kufungwa mwaka 2009. Huko magogo yalipikwa kwa kemikali zenye salfa ili nyuzi zitengane. Harufu yake iliwapokea wasafiri barabarani, na majitaka yake yaliishia Nzoia, mto ule ule uyapokeao maji ya Sosiani. Miti, maji na nishati nyingi hutumika kabla mfuko mmoja haujatiwa kitu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 na Shirika la Mazingira la Uingereza ulipima mchango wa mifuko katika kuongeza joto duniani. Ilibainika kuwa mfuko wa karatasi sharti utumiwe mara 3 ndipo ulingane na mfuko mwembamba wa plastiki uliotumiwa mara 1. Ule unaofanana na kitambaa, uliotapakaa nchini baada ya 2017 na ambao kwa asili ni plastiki, mara 11. Wa pamba, mara 131. Takataka za mtoni hazimo katika hesabu hiyo. Kwa hivyo, anayeitumia kuitetea plastiki amesoma nusu ya habari.

Suala basi linahama kutoka kwa malighafi na kumwelekea mbebaji. Katika msimu wa mvua wa Eldoret, mfuko wa karatasi ni nadra kufikisha safari 3. Hulowa na kupasuka njiani. Wa pamba huhimili, lakini mkazi wa Elgon View aendaye dukani mara 2 kwa juma atalazimika kuubeba kwa mwaka mmoja na miezi mitatu kabla haujalipa deni lake.